Mkurugenzi Aliyebuniwa na Baba

Duluth, Minnesota
14 Januari 2018

Kwako Baba,

Salamu nyingi kutoka kaskazini. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limepunguza makelele. Sisi tumefika salama. Tumekuwa barabarani siku tatu, tumebadilisha tairi moja na kugombana mara moja tu, kuhusu njia. Katrice ndiye aliyekuwa sahihi.

Ulisema simu ni ya kuulizana kama mvua imenyesha, na kwamba mtu aliyesambaza barua miaka thelathini na mmoja hawezi kupokea habari za mwanawe kwa ujumbe wa simu. Haya, nimenunua stempu.

Baridi ya huku, Baba, sijui niieleze vipi. Asubuhi ya kwanza nilitoka nje kutupa takataka nikiwa nimenyoa ndevu na nimelowanisha nywele. Niliporudi ndani, nywele zilikuwa zinagonga kama vijiti. Katrice alicheka mpaka akakaa chini. Yeye ameanza kazi Jumatatu. Meli za madini ya chuma husimama bandarini majira haya kwa sababu ziwa limeganda, na ndipo zinapokarabatiwa, kwa hiyo mhandisi mpya wa kampuni ameingizwa moja kwa moja ndani ya tumbo la meli. Anarudi na masizi mpaka masikioni, na furaha kama hiyo sikuiona hata siku ya harusi. Ameingoja nafasi hii miaka minane.

Mimi naanza kutafuta kesho. Nimekuwa mkuu wa manunuzi miaka tisa katika makao makuu ya kampuni ya mchele. Nadhani mwezi mmoja utatosha. Hapa kuna ofisi kubwa nyingi, na kila ofisi inanunua kitu.

Baba, yale uliyoyasema barazani tukipakia gari, kwamba ukoo wa Guillory haujawahi kuona mwanamume anayesafirishwa pamoja na masanduku ya mkewe, nilicheka kwa sababu watu walikuwepo. Nimeyafikiria tangu Arkansas mpaka Iowa. Sijakasirika. Nimeona tu nikuambie.

Mwanao,
Lucien


Opelousas, Louisiana
27 Januari 2018

Mwanangu Lucien,

Barua imefika kwa siku sita. Zamani zangu ingefika kwa nne, lakini tuyaache hayo. Afya yangu nzuri. Goti linaniambia mvua kabla ya redio. Jirani ameniletea soseji za wali kutoka kwa yule mchinjaji wa njia ya Lawtell, nikala mbili kwa niaba yako.

Kuhusu maneno ya barazani: nilisema nilichokiona. Lakini usiwe na wasiwasi juu ya jina lako hapa, nimelitunza.

Jumamosi baada ya misa tulikuwa tunakunywa kahawa, sisi wanaume wa parokia, na Clovis Fontenot akaniuliza mbele ya wote, "Ferdinand, eti Lucien kamfuata mke?" Unamjua Clovis. Ana sauti kama tarumbeta, na watu wote waliacha kutafuna. Nikamwambia, "Nani kakwambia? Lucien kaitwa. Kampuni kubwa ya huko imemtaka yeye. Mkurugenzi wa manunuzi, kaskazini yote."

Sikupanga kusema "kaskazini yote". Ilitoka yenyewe.

Clovis alinyamaza dakika nzima, jambo ambalo halijatokea tangu timu yetu ishinde ubingwa. Halafu akanipa mkono. Kwa hiyo sasa wewe ni mkurugenzi, fanya haraka uwe kweli. Wewe ni mwanangu na una akili, haiwezi kukushinda.

Vaa soksi mbili.

Baba yako,
Ferdinand


Duluth
19 Februari 2018

Baba mpendwa,

Natumaini u mzima, wewe na goti lako la mvua. Sisi wazima. Nimepokea barua yako na nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini.

Kaskazini yote, Baba?

Hebu nikueleze kazi za mkurugenzi wako zilivyo. Nimetuma maombi arobaini na moja. Unajaza fomu kwenye kompyuta, unaambatanisha maelezo yako, kisha kompyuta inakwambia ujaze tena yale yale uliyoambatanisha. Moja nilituma saa tatu kamili asubuhi, na saa tatu na dakika nne nilijibiwa kwamba wamenitafakari kwa makini.

Nilipata usaili mmoja wa ana kwa ana, kampuni ya bima. Mama aliyenihoji alikuwa mpole, ana kikombe chenye picha ya bata. Akaniuliza, "Mtu anaondokaje Louisiana mwezi wa Januari?" Mimi, kwa kuogopa asije akanidharau, nikasema nimevutiwa na fursa za kibiashara za huku, tena napenda baridi. Nilikuwa bado natetemeka, Baba. Kahawa ilikuwa inaruka kutoka kwenye kikombe. Akaniangalia, akasema, "Hiyo ni tofauti."

Nilifurahi, nikadhani nimejitofautisha na wenzangu. Nilipomsimulia Katrice akafunika uso. Kazini kwake wamemfundisha kwamba wenyeji wa huku hawasemi kitu ni kibaya. Wanasema ni tofauti.

Siku nyingine ni ngumu. Katrice anatoka alfajiri, nami nabaki na vyombo, na fomu, na theluji ya kufagia mlangoni. Juzi alirudi akanikuta nimepanga viungo vyote vya jikoni kwa alfabeti. Akasema, "Lucien, tafadhali, toka nje uonane na watu." Basi nikapika gambo ile ya Mama, ule mchuzi wake mzito wa pilipili, sufuria nzima, nikawaita majirani, Bwana Lindgren na mkewe. Mzee huyo hajawahi kunitamkia maneno zaidi ya matatu. Alikula kijiko cha kwanza, machozi yakamtoka kwa pilipili, akasema, "Tofauti." Nikavunjika moyo. Halafu akanisogezea bakuli nimwongezee. Alimaliza matatu.

Mwambie Clovis ukweli kabla haujakua.

Mwanao,
Lucien


Opelousas
3 Machi 2018

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima. Hapa kamba wa mtoni wameanza, mwaka huu ni wakubwa.

Nakuandikia kwa haraka. Clovis amemlipia padri misa ya shukrani kwa ajili ya cheo chako. Kilitangazwa kanisani, na wanawake wa kwaya walipiga makofi. Nilisimama pale, ningefanya nini?

Kubwa zaidi ni hili. Bernadine, binti yake Clovis, ana harusi ya rafiki yake Minneapolis tarehe 21 Aprili. Amemaliza masomo ya biashara na baba yake amempangia: siku inayofuata ataendesha gari mpaka Duluth, aione ofisi yako na akuachie maelezo yake umtafutie nafasi.

Nimefikiri. Ofisi ya Katrice bila shaka ina vyumba, na Jumapili havina watu. Azima kimoja kwa saa moja tu. Vaa tai, weka simu mezani, na mtu agonge mlango aseme "samahani, mkurugenzi" mara moja au mbili. Bernadine atarudi na habari na mambo yataisha.

Usinijibu kwa hasira. Nakuomba kama baba.

Baba yako,
Ferdinand


Duluth
9 Machi 2018

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo.

Sitafanya hivyo.

Ningeweza kuishia hapo, lakini sitaki ukae ukidhani ni ukaidi. Nimeomba kazi sehemu sitini na tatu. Kila ninakoulizwa kwa nini nimekuja, nazunguka kama mtu aliyeiba. Sikuanzia Duluth kuzunguka. Nilianzia barazani kwako. Mimi sioni aibu kumfuata Katrice. Naona aibu kwamba wewe unaona aibu, na nimeanza kuibeba aibu hiyo mpaka kwenye usaili, ambako hakuna aliyeniuliza habari zake.

Miaka tisa Katrice alikaa Opelousas kwa ajili yangu, akitengeneza pampu za maji za mashamba ya mpunga, na hakuna mtu aliyesema amepakiwa na masanduku. Hata wewe hukusema. Ulisema ni mke mzuri.

Bernadine akija nitampikia, nitamkaribisha, na nitamwambia sina kazi.

Mwanao,
Lucien


Opelousas
11 Aprili 2018

Mwanangu Lucien,

Amani iwe kwako na kwa nyumba yako. Mwili wangu mzima. Umengoja barua hii mwezi mzima na zaidi, nami nimeianza mara tatu na mara tatu nimeichana.

Kuna kitu sijawahi kukuambia. Sijamwambia mtu.

Mwaka 1987 ulikuwa na miaka mitatu. Mama yako alikuwa anafundisha darasa la tatu. Siku moja, katika mkoba wangu wa kazi, nikakuta barua yake kutoka shule moja ya Houston. Nilimpelekea mwenyewe, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa kwenye njia yangu. Odile aliifungua palepale mlangoni. Walikuwa wanamwita awe mwalimu mkuu. Lucien, mama yako aliruka. Mwanamke mzima, na unga mikononi, akaruka kama anaruka kamba. Akasema, "Posta ipo Houston pia, Ferdi! Unaweza kuomba uhamisho!"

Ilikuwa kweli. Wenzangu wawili walikuwa wamehamishwa mwaka huo huo. Nilichotakiwa kufanya ni kujaza karatasi moja.

Nikamwambia, "Mimi ndiye ninayefuatwa katika nyumba hii." Nikachukua mkoba wangu nikaendelea na njia.

Niliporudi jioni alikuwa amepika, amevaa vizuri. Hakuligusa jambo hilo tena. Miaka ishirini na mitano mingine nikajiambia amesahau. Siku anastaafu, mwalimu mkuu wao, mtu mdogo kuliko hata wewe, alisoma hotuba na akakosea jina lake. Akamwita Odette. Mama yako akatabasamu na kupokea maua. Mimi ndiye niliyeshindwa kutazama.

Barua yako ilipofika, ile ya hasira, nilikasirika wiki mbili. Halafu nikawa nakumbuka ule unga mikononi mwake.

Mwambie Bernadine ukweli. Mimi nitamwambia Clovis Jumamosi hii.

Baba yako,
Ferdinand


Duluth
24 Aprili 2018

Baba yangu mpendwa,

Salamu za upendo, tena nyingi kuliko siku zote. Barua yako niliisomea ngazini, na koti sijavua. Kisha nikampa Katrice. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akaniambia, "Itunze." Kuhusu Mama sina la kukuhukumu. Ningependa tu ungeniambia mapema, kwa sababu ningependa kumjua akiruka.

Sasa kaa kwenye kiti, nina habari.

Mke wa Bwana Lindgren ameajiriwa kwenye makao makuu ya kampuni inayotengeneza viatu vya baridi. Alimwambia mkuu wake kwamba jirani yao anatafuta kazi ya manunuzi na anapika chakula cha kutoa machozi. Wakaniita Jumatano iliyopita. Nilivaa viatu vyangu vyembamba vya ofisini, vile vya Opelousas, kwa sababu ndivyo vinavyoendana na suti. Nikateleza kwenye barafu mlangoni, miguu juu, karatasi zangu zote uwanjani. Nilipoinua macho, wanaonisaili walikuwa wamesimama dirishani na vikombe vyao.

Nikaingia na theluji mgongoni. Mkuu wao ni Bi. Sorvari, mwanamke mrefu, hana mzaha. Akatazama viatu vyangu muda mrefu, akasema, "Naona wewe ni mgeni."

"Ndiyo, mama."

"Umekuja kufanya nini Duluth?"

Nilikuwa na jibu tayari, Baba, lile la fursa za kibiashara. Lilikuwa mdomoni kabisa. Nikalimeza. Nikasema, "Nimemfuata mke wangu. Yeye ni mhandisi wa meli, ana mkataba wa miaka mitano, na anaipenda kazi yake kuliko anavyonipenda mimi siku za Jumatatu. Kwa hiyo mimi siendi popote."

Akaweka kalamu chini. "Miaka mitano?"

"Mitano. Labda zaidi."

Akamgeukia mwenzake: "Umesikia? Watatu niliowaajiri wamekimbia baada ya baridi ya kwanza. Kila mmoja alisema anapenda baridi."

Wakaniuliza mambo ya mikataba na wauzaji kwa saa nzima, na hapo nilijiona niko nyumbani. Ijumaa wakanipigia simu. Si ukurugenzi. Si hata ukuu. Ni ofisa manunuzi wa kawaida, upande wa ngozi na sufu, nina meza karibu na mashine ya kunakili. Nimeanza jana. Kitu cha kwanza nilichopewa ni jozi ya viatu, kwa amri ya Bi. Sorvari, ili nisiwavunjie sifa nikianguka tena.

Bernadine alikuja Jumapili. Nilimfungulia mlango nikiwa na aproni. Akatazama nyuma yangu kama anamtafuta mkurugenzi. Nikamwambia, "Hakuna mkurugenzi. Kuna mimi, na kazi nimeipata juzi." Nikamsimulia yote. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Kumbe! Nami nimefanya mazoezi ya kukusalimia njia nzima, kuanzia Minneapolis!" Ni mtu mzuri, Baba. Alikaa mpaka jioni akizungumza na Katrice. Maelezo yake nimeyapeleka kwa Bi. Sorvari, bila kuahidi kitu.

Lakini aliniambia jambo moja. Siku ile ile asubuhi alizungumza na baba yake kwa simu, na Clovis bado alikuwa anamwambia, "Msalimie mkurugenzi." Jumamosi uliyoitaja ilikuwa imepita.

Bernadine amesema hatatamka neno. Amesema hilo ni lako.

Mwanao,
Lucien


Opelousas
8 Mei 2018

Mwanangu Lucien,

Salamu kwako, na pongezi mara mia. Nilipofika pale ulipoanguka nilicheka peke yangu jikoni mpaka jirani akaja kuuliza. Nilipofika pale ulipomjibu yule mama, niliacha kucheka nikakaa.

Bernadine amekuambia kweli. Jumamosi ile nilikwenda. Nilikunywa vikombe vitatu vya kahawa, nikafungua mdomo, nikauliza habari za besiboli. Jumamosi mbili zilizofuata vilevile. Nimebeba mizigo ya posta kwenye jua la Agosti, nimefukuzwa na mbwa wote wa mji huu, nawajua kwa majina, lakini maneno yale yalinishinda kuyabeba.

Jumamosi iliyopita nikasimama kabla ya kuketi. Nikasema, "Clovis, na ninyi wote. Lucien si mkurugenzi wala hakuitwa na mtu. Mkewe alipata kazi nzuri, naye akamfuata. Ametafuta miezi mitatu, sasa amepata, ni ofisa wa kawaida. Nilidanganya kwa sababu ya kiburi, na mwanangu hana kosa."

Maandazi yakawa yanapoa.

Clovis akawa mwekundu. "Ferdinand! Nimetoa misa! Kwaya imepiga makofi!"

Nikamwambia misa haipotei, Mungu atajua wa kumpa.

Hapo mzee Alphonse Doucet, ambaye huwa hasemi, akakohoa. Akasema, "Mimi mkwe wangu amemfuata binti yangu Atlanta. Analea mtoto nyumbani. Niliwaambia yuko jeshini."

"Jeshini!" Clovis akapiga meza. "Alphonse, mwaka jana tulimwombea asipelekwe vitani!"

Sijui nani alianza kucheka. Padri alitoka sakristia kuangalia kuna nini. Hata Clovis aliishia kujifuta macho, ingawa ameapa hatalipia tena misa kwa habari za kusikia. Baadaye tulipokuwa tunakunja viti alinijia pembeni. Akasema anamwambia kila siku Bernadine asiondoke Louisiana. Akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Ni mbali sana kule?" Nikamwambia sijui, sijafika.

Ndiyo maana nakwenda kufika. Nimekata tiketi. Ndege mpaka Minneapolis, halafu basi. Nitaingia Duluth Alhamisi tarehe 7 Juni, saa nane mchana, na nitakaa wiki mbili ikiwa mtanivumilia. Goti halijaulizwa maoni yake.

Usiombe ruhusa kazini uje kunipokea. Wewe mgeni pale, kaa kwenye meza yako. Lakini muulize Katrice kama siku hiyo ana nafasi, hata akija na masizi yake. Ningependa anipeleke kwanza kwenye meli zake, kabla ya nyumbani, anionyeshe anachokifanya, kimoja kimoja, na mimi nitasikiliza. Kuna neno nataka kumwambia yeye, ambalo nilipaswa kumwambia mama yako mlangoni kwangu mwaka 1987, na mwenyewe hayupo tena wa kulisikia.

Akisema hana nafasi, nitakaa kituoni nimngoje.

Baba yenu,
Ferdinand